Baiskeli, Lugha na Hadhi ya Mtu: Sura Moja ya Historia ya Afrika ya Mashariki

Utangulizi

Historia ya usafiri katika Afrika ya Mashariki imeandikwa zaidi kama historia ya vyombo vikubwa. Jahazi limepata waandishi wake, msafara wa bara umepata wake, na reli, kuanzia ile ya Mombasa iliyofika Ziwa Viktoria mwaka 1901 hadi ile ya Dar es Salaam iliyofika Kigoma mwaka 1914, imejaza rafu nzima za maktaba. Baiskeli haikupata bahati hiyo. Imepita katikati ya karne ya ishirini ikiwa imebeba walimu, makarani, pamba, samaki, wagonjwa na maharusi, na mara nyingi imetajwa katika vitabu kwa sentensi moja tu, tena ya kupita.

Mhadhara huu hauna nia ya kuisifu baiskeli. Unalenga kufuatilia mambo mawili yanayokwenda pamoja: namna jamii ilivyomtazama mtu aliye juu ya baiskeli, na namna Kiswahili kilivyoyahifadhi mitazamo hiyo katika msamiati na sarufi yake. Hoja inayotetewa ni kwamba imani iliyoenea mijini leo, kuwa baiskeli ni chombo cha mtu aliyeshindwa kupata kingine, ni imani changa. Ina umri wa miongo michache tu, na maneno yenyewe ya Kiswahili yanatoa ushahidi dhidi yake.

Mpira kabla ya baiskeli

Asili ya chombo chenyewe inajulikana. Karl Drais alionyesha gari lake la mbao la magurudumu mawili huko Ujerumani mwaka 1817, na mwendeshaji wake alilisukuma kwa kupiga miguu ardhini. Baiskeli yenye umbo la leo, yaani magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilitolewa Uingereza na John Kemp Starley mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Katika miaka ya 1890 watu wa Ulaya na Marekani walizinunua baiskeli kwa pupa, nazo zikahitaji mpira.

Ni muhimu kusimama hapa, kwa sababu Afrika iliingia katika historia ya baiskeli kwanza kama mtoaji wa mpira, kabla haijawa mpandaji. Utomvu wa msituni katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili kuanzia 1885 hadi 1908, ulikusanywa kwa mijeledi, kwa kuteka wanawake na watoto rehani, na kwa kukata mikono. Taarifa ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliyaweka hayo mbele ya macho ya ulimwengu. Kiini cha madhila hayo kilikuwa magharibi zaidi ya eneo la Kingwana, yaani Kiswahili cha Manyema na mashariki ya Kongo, lakini soko lilikuwa moja na mtawala alikuwa mmoja. Upande wa Tanganyika, Wajerumani walipanda mashamba ya mpira katika uwanda ulio chini ya milima ya Usambara, nyuma ya mji wa Tanga, hadi bei ilipoporomoka mwaka 1913 kwa ushindani wa mashamba ya Asia. Vibarua waliogema utomvu huo hawakuwa na baiskeli. Miaka michache baadaye Tanga ikaanza kuwa kile inachojulikana kwacho hadi leo, mji wa baiskeli.

Neno mpira lenyewe linabeba historia hiyo kimyakimya. Mti, utomvu, kitu cha kuchezea uwanjani, bomba la kunyweshea bustani na tyubu ya baiskeli, vyote ni mpira. Mtu anaposema mpira umetoboka, msikilizaji anategemea muktadha kujua kilichotoboka ni nini. Mara nyingi huwa ni baiskeli.

Jina na jamaa zake

Umbo baiskeli limetokana na Kiingereza, na njia lililopita ni ya kawaida. Kiswahili kiliipa kila konsonanti irabu yake, likapatikana baisikeli, tahajia iliyodumu kwa muda mrefu katika maandishi na ambayo bado husikika vinywani mwa wazee. Baadaye irabu i iliyofuata s ilidondoka na mfuatano sk ukaachwa, kama unavyoachwa katika skuli na skrubu. Neno likaingia katika ngeli ya I/ZI bila kiambishi, na halikusumbua tena.

Kinachovutia zaidi ni kile kilichotokea nje ya Kiswahili sanifu. Waganda waliichukua gari, ambayo Kiswahili nacho kiliipata kutoka lugha za India, wakaifanya eggaali na kuipa baiskeli. Treni wakaiita gaali ya moshi, kwa Kiganda eggaali y'omukka, sawasawa na Waswahili. Wanyarwanda walifanya vivyo hivyo, na kwao igare ni baiskeli. Maana yake ni kwamba chombo kilichokuwa gari hasa kwa mwanakijiji wa Buganda au wa Rwanda, kile alichokiona na kukigusa na kutamani kukimiliki, kilikuwa cha magurudumu mawili. Kwenye pwani, gari lilibaki kuwa la kukokotwa na punda au ng'ombe, kisha likawa la injini, na baiskeli ikalazimika kutafutiwa jina la kigeni.

Upande wa pili liko kundi jingine. Katika Kiswahili cha Katanga baiskeli ni kinga, nalo umbo hilo lina jamaa wengi: ikinga ya Kirundi, incinga ya Kibemba, njinga ya Kichewa. Ramani ya maumbo haya inakata mipaka ya wakoloni wote watatu, Mbelgiji, Mwingereza na Mjerumani, na inaanzia Bujumbura hadi kusini mwa Malawi. Mtu wa pwani akimsikia Mkongo wa Lubumbashi akilalamika kuwa ameibiwa kinga, anaweza kudhani ni habari ya chanjo au ya ngao. Kosa hilo dogo lina somo kubwa kwa wanafunzi wa lahaja: Kiswahili cha bara hakikusubiri pwani ikipe majina ya vitu vipya.

Vipuri vya baiskeli navyo vinastahili kutazamwa. Fundi wa chini ya mwembe hutumia, kwa pumzi moja, msamiati wa asili nyingi. Keria, breki, rimu, spoku, pedeli na pancha ni vya Kiingereza. Bomba la kujazia upepo ni la Kireno. Tandiko, kwa wale wasioliita siti, limetoka mgongoni mwa punda. Na kinachoshikwa kwa mikono miwili, kinachoamua baiskeli iende wapi, ni usukani, neno la Kiarabu lililoishi karne nyingi kwenye tezi la jahazi kabla halijashuka nchi kavu. Mabaharia waliyapa magurudumu yote usukani wao. Inafaa kutaja, kwa pembeni, kwamba lugha ya siasa ilipoanza kusema fulani ameshika usukani wa nchi, hakuna aliyedhani kiongozi huyo yuko juu ya baiskeli, ijapokuwa wananchi wengi aliowaongoza hawakuwahi kushika usukani mwingine.

Miaka ya heshima

Kizazi cha kwanza cha wapanda baiskeli Waafrika kilikuwa cha watu wa ofisi na wa misheni: karani, tarishi, mwalimu, katekista, mganga msaidizi wa zahanati. Wengine walipewa chombo kwa kazi, wengine walikatwa mshahara kidogo kidogo hadi deni likaisha. Kwa hiyo baiskeli ilikuwa na harufu ya elimu. Ilitangaza kwamba mwenye nayo anajua kusoma, ana mshahara wa mwezi, na analo la kuwahi. Ngũgĩ wa Thiong'o alipotaka kumwingiza mwalimu Munira katika kijiji cha Ilmorog, katika riwaya yake ya Petals of Blood ya mwaka 1977, alimleta juu ya baiskeli, na wanakijiji wakapata la kuzungumza. Msomaji wa Afrika ya Mashariki hakuhitaji kuelezwa maana ya picha hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia baiskeli ilivuka ukuta wa ofisi ikaingia shambani. Bei za mazao zilipanda, hasa mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakati wa vita vya Korea, na wakulima wa pamba na kahawa wakapata fedha taslimu kwa kiasi ambacho baba zao hawakukiona. Usukuma ndio mfano ulio wazi. Vyama vya msingi vya wakulima wa pamba vilikua hadi kuunda muungano wa Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, na fedha za msimu zilikuwa na njia mbili maarufu za kuonekana: bati juu ya nyumba na baiskeli mlangoni. Raleigh ya Nottingham ilikuwa kipimo cha ubora, na fremu yake nzito ya chuma cheusi ilijulikana hata kwa asiyejua kusoma nembo.

Baiskeli ya mkulima haikuwa ya kutembelea tu. Gunia la pamba lilifungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, mwenyewe akaisukuma kwa miguu hadi kituo cha kununulia, kisha akarudi ameipanda, na mara nyingi mke au mtoto yuko nyuma. Hapa ndipo kitenzi pakia kilipopata kazi mpya. Zamani kilihusu shehena katika chombo cha bahari. Sasa mtu humpakia mwenzake, na mwenzake hupakiwa. Katika sehemu kadhaa baiskeli iliingia hata katika mazungumzo ya mahari, pamoja na ng'ombe, na kijana aliyekuja posa akiwa nayo alikuwa ameshasema nusu ya alichotaka kusema.

Ni kweli kwamba heshima hiyo haikuwa sawa mbele ya sheria na mbele ya Mzungu. Karani mwenye baiskeli alibaki mtu wa chini katika mpangilio wa kikoloni, na leseni ya baiskeli ilikuwa mojawapo ya njia ambazo serikali za miji zilimtoza mwananchi kwa kupita barabarani. Hata hivyo kwa majirani zake alikuwa mtu aliyepanda, na neno hilo lichukuliwe kwa maana zake zote mbili.

Wabenzi na walio chini yao

Uhuru ulileta gari la viongozi. Kabla miaka ya 1960 haijaisha, Kiswahili kilikuwa kimeshatunga jina la kabila jipya, Wabenzi, likiwa na kiambishi kilekile cha Wasukuma na Wachaga. Utani huo ulikuwa mkali na ulieleweka kutoka Nairobi hadi Kampala. Lakini utani una upande wake wa pili. Jamii inayopata jina la walio juu kwa kutumia gari lao imekwisha kubali kwamba gari ndiyo ngazi, na kwamba asiyekuwa nalo yuko mahali fulani chini ya ngazi hiyo. Hapakutokea jina la kabila la wenye baiskeli. Walikuwa wengi mno kupewa jina.

Siasa ya Ujamaa ilikuwa na nafasi ya kuyageuza mambo haya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikemea anasa za viongozi, na katika mwaka huohuo Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono. Matembezi yakawa tendo la kizalendo. Tanzania ilianzisha kiwanda chake cha baiskeli, na jina la Swala likafahamika vijijini. Hata hivyo, mtu akitafuta katika kumbukumbu za enzi ile taswira ya kiongozi anayekwenda kazini kila siku kwa baiskeli, atachoka. Kutembea kulikuwa na utukufu wa ishara, gari lilikuwa na mamlaka. Baiskeli, iliyokuwa kati ya hivyo viwili, ilibaki kuwa kifaa cha maendeleo ya vijijini katika mipango iliyoandikwa na watu waliokuja ofisini kwa gari.

Kuna ulinganisho mmoja unaosaidia. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, Uholanzi ilitangaza Jumapili bila magari, watu wakajaa barabarani kwa baiskeli, na kilio cha wazazi waliofiwa na watoto kwa kugongwa kikageuka sera: njia za baiskeli zikajengwa mji kwa mji. Tanzania nayo, katika miaka ya shida ya mafuta, ilizuia magari binafsi kutembea Jumapili alasiri. Hapa marufuku ilipoondolewa, mambo yalirudi yalivyokuwa. Tofauti haikuwa ya utamaduni wa asili, kwa maana Waholanzi wa miaka ya 1960 nao walikuwa wakiiacha baiskeli kwa kasi na kubomoa mitaa yao kupisha magari. Tofauti ilikuwa ya uamuzi, na ya nani alikuwa na sauti ya kudai uamuzi huo.

Miaka ya 1980 na 1990 iliteremsha hadhi ya baiskeli zaidi. Soko lilifunguliwa, zikaingia Phoenix za China, Hero na Avon za India, kisha mitumba kutoka Ulaya na Japani. Chombo kilichonunuliwa zamani kwa jasho la misimu miwili kikaanza pia kugawiwa kama msaada, na mbunge akakitoa wakati wa kampeni. Kitu kinachogawiwa maskini hupata sura ya umaskini. Mijini, kijana aliyepata kazi aliona haya kufika kwa baiskeli mahali ambapo baba yake angefika nayo kwa majivuno.

Kutoka boda hadi boda

Katika kipindi hichohicho cha kushuka, baiskeli ilikipa Kiswahili mojawapo ya maneno yake yenye nguvu kuliko yote ya nusu karne iliyopita. Huko Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, kulikuwa na mwendo wa kuchosha kati ya kituo cha forodha cha upande mmoja na cha upande wa pili. Gari halikuruhusiwa kuvuka bila karatasi nyingi. Vijana wenye baiskeli waliweka mto laini juu ya keria na kuwaita abiria kwa kutaja safari yenyewe, boda hadi boda. Mwito ukawa jina la huduma, jina la huduma likawa jina la chombo, na jina la chombo likawa jina la mtu.

Hatua hiyo ya mwisho inahitaji jicho la mwanasarufi. Husemwa boda boda imeharibika, kwa upatanisho wa kitu. Husemwa pia boda boda wamegoma, kwa upatanisho wa watu. Neno moja limebeba ngeli mbili kulingana na kinachokusudiwa, na mzungumzaji hakosei. Dereva wa basi haitwi basi. Nahodha haitwi jahazi. Lakini mtu huyu, ambaye injini ya chombo chake ni mapaja yake mwenyewe, ameunganishwa nacho hadi majina yao hayatengani. Wapo watakaoliona hilo kuwa dharau, na wapo watakaoliona kuwa usahihi wa hali ya juu wa lugha.

Upande wa Tanzania jina lilikuwa jingine. Mwanza, Shinyanga na miji ya jirani, baiskeli ya abiria iliitwa daladala, kwa kufuata mabasi madogo ya Dar es Salaam yaliyopata jina lao kutokana na nauli ya dala, yaani shilingi 5. Mji mkuu wa biashara ulipeleka neno, mikoa ikalipa maana yake. Rwanda na Burundi, mwendeshaji wa namna hiyo ni umunyonzi, kutokana na kitenzi kunyonga. Mwenye Kiswahili cha bara hashangai, kwa sababu naye hunyonga baiskeli. Kitenzi kinachomaanisha kusokota na kukaba shingo kimepewa kazi ya kueleza mguu unaovyoga pedeli kupanda mlima, na aliyewahi kuupanda mlima huo akiwa na abiria mnene nyuma hatalalamikia uteuzi huo wa neno.

Kisha pikipiki zikaja. Uganda zilianza kuchukua nafasi katika miaka ya 1990, Kenya na Tanzania zikafuata kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 2000, baada ya pikipiki za bei nafuu za China na India kuenea. Zilichukua abiria, zikachukua vituo, na zikachukua jina. Msikilizaji wa leo akitajiwa boda boda anaona injini na kofia ngumu. Baiskeli iliyozaa neno imelazimika kuongezewa kivumishi ili itambulike: boda boda ya baiskeli. Katika isimu jambo hili ni la kawaida, mwenye jina kugeuka mgeni katika jina lake. Kwa waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo lilikuwa jambo la kupoteza riziki ndani ya miaka michache, na wengi wao hawakuwa na mtaji wa kununua pikipiki.

Anayepanda na anayepakiwa

Historia iliyosimuliwa hadi hapa ni ya wanaume, na si kwa bahati mbaya. Mwanamke alikuwa juu ya baiskeli tangu mwanzo, lakini kwenye keria, amekaa upande, amekunja miguu, na kanga imebanwa isiguse spoku. Sehemu nyingi, Buganda ikiwa mfano unaojulikana, mwanamke kuendesha mwenyewe kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu. Sababu zilizotolewa zilihusu mwili na mavazi, lakini sababu ambayo haikutamkwa ilihusu mwendo: mwenye baiskeli anaweza kwenda asikotumwa. Baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu la fremu, iliuzwa miaka mingi na mara nyingi ikaendeshwa na kaka wa nyumba. Tanga na katika vijiji vya mashariki ya Unguja desturi ilikuwa laini zaidi, na wasichana wa shule na akina mama wenye mabuibui huonekana wakiendesha bila mtu kugeuka kuwatazama. Uislamu wa pwani, unaodhaniwa na wengi kuwa kizuizi, haukuwazuia hawa. Jambo hilo lingefaa kuchunguzwa na mtafiti kijana mwenye subira.

Matumizi mengine ya neno yamepata hadhi tofauti kabisa. Nchini Tanzania kiti cha magurudumu huitwa mara nyingi baiskeli ya mlemavu, sawa na ile ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono. Wanasanifu wa lugha wangependa kuvitenganisha. Watumiaji wameona vinachofanana, yaani kumpa mtu mwendo kwa nguvu zake mwenyewe, na hawajashawishika.

Barabara ya nani

Matokeo ya mitazamo hii yote yanapimwa barabarani. Taarifa ya habari ya ajali ina umbo lililozoeleka: lori limegonga baiskeli, na mwendesha baiskeli, ambaye jina lake halikufahamika mara moja, amefariki papo hapo. Chombo cha upande mmoja kina namba za usajili, mmiliki na dereva, na vyote hutajwa. Upande wa pili una chombo tu. Umbo la sentensi halikumuua mtu huyo, lakini linaonyesha ni nani aliyetarajiwa kuwapo barabarani na ni nani aliyehesabiwa kuwa amejitokeza njiani.

Yapo mabadiliko. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika iliyozinduliwa mwaka 2012, na njia ya mabasi ya mwendokasi iliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, zilijengwa zikiwa na sehemu za waenda kwa miguu na baiskeli. Umoja wa Waendesha Baiskeli wa Dar es Salaam, UWABA, ulikuwa umedai jambo hilo kwa miaka. Muuza madafu aliyesheheni kwenye keria hupata pale mita kadhaa za usalama, kabla ya kukuta pikipiki zimeegeshwa juu ya njia yake. Mkasa wa Goma, mashariki ya Kongo, ni wa namna nyingine. Chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedeli, ndugu wa mbali wa gari la Drais, kilipewa mnara wa rangi ya dhahabu katikati ya mji mwaka 2009. Ni nadra kwa chombo cha mchukuzi kusimamishwa mahali ambapo miji mingine huweka marais.

Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani Septemba 2025, mara ya kwanza kwa bara la Afrika, na vilima vya mji vikajaa watazamaji. Wanyonzi wa Rwanda, ambao wamekuwa wakiwekewa mipaka kuhusu barabara gani kuu waingie na zipi wasiingie, waliwatazama wageni wakipanda milima ileile kwa baiskeli zinazobebeka kwa kidole. Kilichokuwa tofauti kati ya makundi hayo mawili kilikuwa mzigo na aliyelipa.

Bujumbura ilichukua njia kinyume. Machi 2022 baiskeli, pamoja na pikipiki na bajaji, zilipigwa marufuku kuingia katikati ya mji. Wale wanaoshuka na ndizi kutoka milimani, na wale wanaopakia abiria kutoka Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndicho lugha ya barazani, wakawa wanafika hadi kwenye mstari na kusimama. Abiria walishuka na kuendelea kwa miguu au kwa basi. Mwendeshaji aligeuza baiskeli, akaipiga kengele, na kuanza kuwaita waliokuja kutoka upande wa pili wa mpaka.